Ujumbe Usio na Shikamoo

Maneno yalianzia kwenye kamba ya kuanikia nguo, kama maneno mengi ya ile nyumba ya vyumba kumi na viwili. Mama Kichanga alikuwa na nepi tisa begani na vibanio mdomoni, hivyo hakuweza kujibu, na kwa jirani yake huo ulikuwa mwaliko tosha wa kusema.

"Umesikia ya kwa Mama Futi?" Jirani alishusha sauti, yaani aliishusha kwa kipimo chake mwenyewe, maana sauti yake ya chini ilifika mpaka chumba cha mwisho. Ndiyo sababu walimwita Mama Redio. "Kumeingia virusi."

Mama Kichanga alitema vibanio mkononi. "Virusi vya nini?"

"Vya nini nitajuaje, mimi daktari? Vimo kwenye ile kompyuta yake na vimeanza kutoka nje. Jana vimenifikia mimi mwenyewe, kwenye simu, kwa jina lake kabisa. Ati, 'Fungua uone gauni lako.' Nusura nifungue!"

"Virusi vinatumwa kwenye simu, jirani?"

"Siku hizi hata posa inatumwa kwenye simu. Virusi vishindwe vina nini?" Mama Redio alichukua nepi moja akaianika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umebana mtandio kifuani kama ilivyokuwa kawaida yake. "Mimi nakwambia kwa kuwa wewe una mtoto, na huyo mtoto unamlaza mle mle. Mtu mzima akiugua atameza dawa. Kichanga je?"

Hapo alimgusa penyewe. Jina la Mama Kichanga lilitokana na mwanawe kuzaliwa mdogo mno, kiasi kwamba kila aliyemwona alisema "jamani, kichanga!" akasahau kuuliza anaitwa nani. Sasa ilikuwa miezi saba, mashavu yameanza kujaa, lakini jina lilikuwa limeshaganda. Na kweli alikuwa akimlaza kwa Mama Futi, ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, juu ya mabaki ya magauni ya mtaa mzima. Mumewe alitoka asubuhi na kurudi jioni. Badala ya kushinda akitazamana na kuta nne, alikwenda kwa yule mshonaji kumshonea vifungo na kufumua mishono iliyokosewa. Macho ya Mama Futi yalikuwa yamekataa kuona tundu la sindano. Ya Mama Kichanga yalikuwa yangali mapya.

Siku ile alikwenda kama kawaida, ila mtoto alimfunga mgongoni.

"Hodi," alisema mlangoni.

"Karibu, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyelala na viatu. Mama Kichanga aliingia akasimama pembeni ya meza ya kukatia. Kila kitu kilikuwa mahali pake: cherehani karibu na dirisha, pasi imesimama kwa kisigino, pazia la kujaribia nguo kwenye kona. Kompyuta nayo ilikuwa pale pale ilipokaa siku zote, juu ya meza ya cherehani ya zamani ya miguu ambayo kichwa chake kilikufa miaka mingi iliyopita lakini kanyagio lake lilikuwa bado linazunguka. Mama Futi alipoandika, mguu wake ulikanyaga wenyewe, taratibu kwenye majina, mbio alipofika kwenye namba. Mpita njia angeapa kwamba mle ndani kunashonwa.

Na kompyuta ile alikuwa ameishonea gauni. La maua madogo, lesi kwenye pindo, na tundu la kupitishia waya limetiwa bitana lisichanike. Aliilinda na vumbi, akailinda na mende, akailinda na paa linalovuja. Hakuna aliyemwambia kuwa hata wageni wapo wa kuilinda nao.

Leo gauni lilikuwa limevuliwa na kukunjwa, kioo kimezimwa, waya wa intaneti umechomolewa na kuning'inia. Lakini kilichomshtua Mama Kichanga ni futi ya kupimia. Ile futi ya kitambaa ya rangi ya njano, ambayo hakuwahi kuiona ikitoka shingoni mwa yule mama, ilikuwa imelazwa mezani. Shingo bila futi ilionekana kama ya mtu mwingine.

"Umesikia," alisema Mama Futi.

"Nimesikia kuna virusi, mama."

"Ndiyo maana mtoto umemfunga mgongoni."

Uso ulimwaka. "Ana mafua kidogo."

"Kumwogopea mwanao si kosa, usiniombe radhi. Ila virusi hivi havimuumi mtu mwilini." Aliitazama ile kompyuta jinsi mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata mgeni. "Vinamuuma mtu jina."

Ili mtu aelewe neno hilo, sharti ajue Mama Futi alitoka wapi. Alianza kushona akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye karakana ya sare, na kwa miaka kumi na mmoja alishona kola peke yake. Kola, kola, kola. Mashati yalipita mikononi mwake kama watu wanaochungulia mlangoni, hakuwahi kuliona moja likiwa zima. Alipotoka pale na cherehani yake, aliapa kwamba kuanzia siku hiyo atashona mtu, hatashona kipande cha mtu.

Akawa anapima wanawake. Kupima kwake kulikuwa na utaratibu wake. Alifunga pazia hata kama chumbani hamkuwa na mwingine. Namba hakuitaja kwa sauti, aliihesabu kwa ulimi juu ya meno na kuiandika akiwa amegeuka. Maana futi huona mengi. Ilijua nani ana mimba kabla mume hajajua, nani ameanza kukonda kwa mawazo, nani bega moja limeshuka kwa kubeba mizigo ya watu. "Mwili wa mtu ni barua," alipenda kusema. "Ukipewa uisome, huisomi barabarani."

Lakini barua ilisomwa barabarani mara moja. Zamani hizo vipimo vilikaa kwenye daftari, na mwanafunzi wake mmoja wa ushonaji, msichana mwenye kicheko kirefu na akili fupi, alilichukua daftari mpaka kwenye foleni ya maji akawasomea wenzake kiuno cha mwanamke fulani. Mwanamke huyo alikuwa rafiki wa Mama Futi wa kufa na kuzikana. Kuanzia siku ile mtaa ukamwita Pipa. Miaka miwili aliitikia jina hilo kwa kutabasamu, mwaka wa tatu akahama bila kuaga. Mama Futi alilichoma lile daftari jikoni. Akajaribu kuandika kwa alama za siri alizozijua mwenyewe, zikamchanganya mpaka akamshonea bibi harusi gauni la vipimo vya mama mkwe.

Ndipo binti yake aliyekuwa akiishi mbali akamletea kompyuta. "Humu, mama, kuna neno la siri. Hakuna wa kuvisoma ila wewe." Akakaa naye wiki nzima akimfundisha, na siku ya kuondoka akamwachia wosia mfupi: "Ikikuuliza kitu usichokielewa, bonyeza Ndiyo."

Wosia huo haukumpa tabu hata kidogo. Alikuwa amelelewa hivyo hivyo. Mtu akipiga hodi, kwanza unasema karibu, shida yake utaijua akishakaa. Miaka minne Mama Futi aliikaribisha mashine katika kila ilichoomba, na ndani yake akaweka wanawake mia mbili na kumi na wanne, kila mmoja na kifua chake, kiuno chake, na neno moja mawili ya pembeni.

"Jumanne mchana," alisema sasa, "umeingia ujumbe kwa jina la binti yangu. Mitindo ya magauni. Nikafungua. Kikatokea kisanduku, kinauliza kama naruhusu. Nikasema ndiyo. Kikauliza tena. Ndiyo. Mara tatu, mwanangu. Mara tatu nimemkaribisha kwa mkono wangu. Tangu hapo mashine ikawa inahema kama mzee anayepanda ngazi, na jana wateja wananipigia, mbona umenitumia hiki, mbona umenitumia kile. Mimi sijatuma kitu."

"Fundi wa kompyuta umemwita?"

"Anakuja. Ameniambia nizime, nichomoe waya, nisiguse." Alitoa simu mfukoni mwa aproni. "Ujumbe wenyewe upo na huku. Amesema kile cha chini nisikibonyeze, ila maneno kuyasoma hayana neno. Hebu nisomee. Nataka kujua niliingia vipi mtegoni, na macho yangu leo hayana hamu."

Mama Kichanga aliipokea simu moyo ukimdunda kuliko ulivyodunda kwa ajili ya virusi. Shule aliachia darasa la saba, na kusoma kwake kulikuwa kusoma kwa kidole: kidole chini ya neno, midomo ikicheza, neno likiisha ndipo kidole kihame. Mbele ya mumewe alisoma kimoyomoyo. Mbele ya watu hakusoma kabisa. Lakini aliyemwomba alikuwa mama yule aliyempima tumbo lake la mimba na kuficha namba. Akaweka kidole.

"Ma-ma. Nimeku-tumia. Mitindo. Mipya. Ya ma-gauni. Fungua. Haraka. Kabla. Hai-ja-futika." Akafika mwisho. Akarudi mwanzo, midomo ikicheza tena. Kisha akainua macho, akisita. "Mama, kwani binti yako mmegombana?"

"Hatujagombana. Kwa nini?"

"Naona hajakuamkia."

Mama Futi aliinamia simu. "Soma tena hapo mwanzo."

"Ma-ma. Nimeku-tumia. Basi. Haina shikamoo."

Yule mama aliinyakua simu, akavaa miwani, akawa anapandisha jumbe za binti yake juu kwa kidole, moja baada ya nyingine. Shikamoo mama, nimefika salama. Shikamoo mama, leo mvua. Hata ule wa mwaka juzi ambao ungeweza kusamehewa, maana uliandikwa kituo cha polisi: Shikamoo mama, nimeibiwa mkoba.

"Mwanangu hajawahi," alisema taratibu. "Tangu aanze kusema. Huyu si yeye. Na alikuwa anaonekana wazi, kama mtu aliyevaa blauzi nje ndani! Mimi niliona jina tu. Nikaliona jina la mwanangu, roho ikayapita macho mbio."

Fundi alifika kabla ya saa sita, mwanamume mpana mwenye mkoba wa vifaa, aliyezungumza na mashine kwa upole, na watu kwa kifupi. Aliiwasha bila intaneti, akachungulia huku na kule, akaguna.

"Trojani," alisema.

"Ndiyo nini hiyo, fundi?"

"Kuna wezi wa kuvunja dirisha. Huyu havunji. Anapiga hodi amebeba zawadi, mwenyeji anamfungulia, anamwonyesha na chumba cha kulala. Angalia faili lenyewe." Alielekeza bisibisi kwenye kioo. "Jina linasema ni picha ya magauni. Lakini kila faili lina mkia wa herufi chache, na huu si mkia wa picha. Ni wa programu. Yaani kitu kinachofanya kazi, si kitu cha kutazama."

"Kwa hiyo nje ni hariri," alisema Mama Futi, "bitana ndiyo ya mwizi."

Fundi alimtazama kwa heshima mpya. "Umeelewa kuliko wengi wenye shahada."

"Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Haya niambie. Vipimo vya watu amevisoma?"

"Mama, mwizi wa aina hii hatafuti kiuno cha mtu. Anatafuta maneno ya siri, anatafuta majina ya kuwatumia wengine."

"Sikukuuliza anachotafuta. Nimekuuliza kama ameweza."

Fundi alikuna kidevu kwa bisibisi. "Ameweza. Kama amesoma au hakusoma, siwezi kukuapia." Akaongeza haraka, kwa sauti ya kumfariji: "Lakini wateja si lazima wajue hilo. Nitaifuta yote, niivike upya, mambo yaishe humu humu."

Mama Futi aliiokota futi mezani. Hakuivaa, aliizungusha kidoleni. Mama Kichanga aliyekuwa akimbembeleza mtoto pembeni alijua anamfikiria nani. Alimfikiria mwanamke aliyeitikia jina la Pipa miaka miwili.

"Kitambaa changu nikikikata vibaya, nanyamaza," alisema. "Cha mtu nikikikata vibaya, namwambia. Wewe futa. Mimi nitawaambia."

Fundi alifanya kazi siku mbili. Vipimo vilivyokuwa ndani vilifutwa pamoja na mwizi, na nakala safi ilipatikana moja tu, ndani ya flashi ambayo binti aliitumbukiza kwenye kopo la vifungo alipokuja likizo. Miezi kumi ya mwisho haikuwemo. Wanawake arobaini na kitu walikuwa wamepotea na ilibidi wapimwe upya, kama wangekubali. Kwa simu iliyo safi fundi alimbadilishia Mama Futi maneno ya siri yote, akamkataza kurudia lile la zamani, ambalo lilikuwa jina la binti yake kama ilivyokuwa kwa mama wengi. Akaweka programu ya kinga, akamweleza kuwa ikiomba kusasishwa isicheleweshwe, kwa sababu mlinzi asiyejua wezi wa mwaka huu ni sanamu. Akagawa kompyuta makazi mawili, moja la mwenye nyumba na moja la mpangaji.

"Wewe kila siku ukae kwa mpangaji. Mpangaji hana ruhusa ya kubomoa ukuta, hivyo na mgeni wake hana. Nakala weka kila Ijumaa, ukimaliza flashi ichomoe, irudi koponi. Ila nikwambie ukweli, mama. Hakuna mlinzi anayeweza kumzuia mgeni uliyemshika mkono mwenyewe ukamwingiza."

Wakati fundi anafuta, Mama Futi alikuwa anatembea. Wa karibu aliwafuata mlangoni, wa mbali aliwapigia simu, na maneno yalikuwa yale yale: usifungue kilichokuja kwa jina langu, na vipimo vyako huenda vimeonwa, kosa ni langu, nisamehe. Wengine walicheka. Wengine walisema ahsante kwa kuniambia. Wengine walisema "aha," na neno hilo ni refu likisemwa kwa namna fulani.

Siku tatu hakuja mteja hata mmoja. Wawili walikuja, kweli, lakini kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Mmoja, mke wa fundi bomba, alikikunja chake akakitia kwapani bila kusema lolote, na hilo lilimuuma Mama Futi kuliko matusi. Cherehani ilinyamaza. Mama Kichanga alishona vifungo vya magauni yaliyokwisha, halafu vifungo vikaisha naye akabaki akivipanga kwa rangi ndani ya kopo. Mtoto alisharudi kwenye kapu lake. Hakuna aliyezungumza habari hiyo, lakini yule mama aliona, akamtandikia kipande cha fulana laini.

Siku ya tatu adhuhuri, Mama Kichanga alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo akinyonyesha, ndipo aliposikia mtu akiingia bila hodi. Viatu alivifahamu. Sauti hakuifahamu, kwa kuwa hakuwahi kumsikia Mama Redio akinong'ona kweli.

"Langu limo humo?"

"Lipi, shoga?"

"Unajua lipi. Usinitese."

Kanyagio lilisikika likizunguka mara moja na kusimama. "Urefu wa mkono wako umo," alisema Mama Futi. "Kiuno kimo. Hilo lingine sikuliandika kwenye daftari, na kwenye mashine sikuliandika. Tangu siku ulipotoka hospitali ukaja hapa, liko hapa tu."

Mahali Mama Futi alipogusa, Mama Kichanga hakupaona. Alisikia mtu akivuta pumzi kwa vipande vipande, kama mtu anayepanda ngazi akilia. Akainamisha macho kwa mwanawe, aliyekuwa ameng'ang'ania titi la kushoto kwa mikono miwili, na ghafla akakumbuka kifuko. Yapata miezi mitatu iliyopita Mama Futi alimpa ashone kifuko cha duara, kitambaa laini, ndani pamba na mtama kidogo ili kiwe na uzito. "Cha nini, mama?" aliuliza. "Cha kuchomekea sindano." Alikishona vizuri, kwa mishono midogo midogo. Leo, kutoka nyuma ya pazia, aliitazama meza. Kifuko cha sindano kilikuwa kile kile kikuukuu chekundu. Kipya hakuwahi kukiona chumbani mle.

Akakumbuka na mtandio ulioshikwa kifuani, upande ule ule wa kushoto, kila walipokutana kwenye kamba ya nguo. Hakutikisika mpaka viatu vilipotoka. Hata Mama Futi alipofungua pazia, wote wawili waliangalia mtoto.

"Amelala?" aliuliza yule mama.

"Alikuwa amelala muda wote," alisema Mama Kichanga. "Na mimi nilisinzia naye."

Mama Futi alimtazama kitambo, akaivaa futi yake shingoni.

Kesho yake asubuhi kamba ya nguo ilitangaza habari nyingine. "Mimi nakwenda kupimwa upya!" Mama Redio alikuwa akiwaambia majirani na wasio majirani. "Nani kati yenu amewahi kuibiwa akaja kuwaambia wenzake kabla hawajajua? Ninyi mnaficha hata mboga ikiungua! Yule kasema mwenyewe. Mtu wa hivyo ndiye wa kumwachia kiuno chako." Akawaburuta wawili kwenda nao, akaingia kwa hodi ya kutikisa bati. "Mama Futi! Nipime hapa hapa, mbele za watu, waone siogopi!"

"Mbele za watu sipimi," alisema Mama Futi, akafunga pazia.

Wateja wakarudi mmoja mmoja. Si wote. Mke wa fundi bomba anashonesha kwingine mpaka leo, na akipita huangalia upande wa pili. Lakini Ijumaa ya kwanza ya kuweka nakala, kati ya wale arobaini na kitu waliopotea, thelathini na mmoja walikuwa wameshapita nyuma ya lile pazia.

Habari ya shikamoo nayo ilisambaa, na kila mtu anajua ni kwa redio gani. Mtaa mzima ukawa unakagua salamu kabla ya kufungua kitu. Mpwa wa Mama Redio alimtumia picha ya mtoto wake mchanga bila kumwamkia, shangazi mtu akakataa kuifungua katakata, ikabidi kijana wa watu apande basi kuja kumwambia kwa mdomo kwamba amepata mtoto. Fundi aliposikia alicheka mpaka akakaa. Kisha akasema, "Sawa. Ila kesho mwizi atajifunza shikamoo."

Neno hilo Mama Kichanga hakulisahau, na ilionekana hata Mama Futi hakulisahau.

Asubuhi moja alikuwa akitia vifungo, mtoto kapuni akitafuna kipande cha lesi, na Mama Futi akiandika vipimo vya mteja mpya. Mguu ulikuwa ukikanyaga mbio, yuko kwenye namba. Ghafla kanyagio likasimama.

Katikati ya kioo kilikuwa kimetokea kisanduku cheupe. Mkono wa Mama Futi ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka minne na malezi ya sitini, ukaelekea kwenye Ndiyo. Ukafika nusu ya njia. Akaushika kwa mkono wa pili na kuurudisha mapajani, kama anayemrudisha mtoto asikimbilie barabarani.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Kuna mtu anapiga hodi."

Mama Kichanga aliweka sindano, akaja akasimama nyuma ya kiti. Kisanduku kilikuwa na mistari sita, na baadhi ya maneno hakuwahi kuyaona. Alikunja kidole ndani ya kiganja.

"Mimi nasoma polepole, mama. Labda tumpigie binti yako, yeye atasoma mara moja."

"Wanaosoma mara moja ninao," alisema Mama Futi. "Binti yangu anasoma haraka, akaniambia nibonyeze Ndiyo. Mimi nilisoma haraka, nikafungua. Wote mtaani waliotumiwa walisoma haraka. Ni wewe tu uliyeona kwamba mwizi hakuniamkia." Alisogea ukingoni mwa kiti, akaupigapiga kwa kiganja upande ulioachwa wazi ili mwenzake akae. "Nina ombi, na sitaki unijibu kwa haya. Kila mara kitu hiki kitakapopiga hodi, nisijibu mpaka wewe uwe umekisoma chote, hadi nukta ya mwisho. Ukichukua nusu saa, nitakaa nusu saa. Na hicho kidole usikifiche, mwanangu. Kitoe. Nisomee nacho."